Shimo ya Tshimanga mu kichuguu ya Mama Martine

Ku carrière, fasi ya kuchimba majiwe ya shaba, Tshimanga banamuitaka Kiberiti. Haiko juu ya tumbaku; kwabo beko bantu ya kanisa ya maombi, tumbaku haipitaka ata ku mulango. Banamuita vile juu anawakaka mbio. Ukimukanyaga ku kiatu, anakuuliza kama ulifanya kusudi, na ukikawia kujibu, ye alishajibu na ngumi. Mais udongo ikiangukia muntu mu shimo, ye njo wa kwanza kushuka na kamba. Kijana ya Kikula, mu muji ya Likasi. Masomo aliiachia mu primaire, ingine yote alisomea mu njia na chini ya udongo, na ile haina diplome.

Ule mwaka, mu kichwa yake mulikuwa kitu moja tu: Danielle.

Danielle anasukaka bantu nywele ku baraza ya nyumba ya baba yake, kule Panda, mu manyumba ya camp ya zamani ya batumikaji. Baba yake, Papa Philippe, alitumika mu usine, mu kelele ya mamashini, mpaka masikio ikachoka. Ukitaka akusikie, inapashwa kupandisha sauti mpaka bajirani nabo basikie. Ye hakuwa na mambo.

"Minye nakubali," alimuambia Tshimanga. "Bantu yako bakuye, tuikale, tuseme mambo ya ndoa. Mais hii nyumba iko na kifungulo moja, na kifungulo iko mu kikwembe ya mama yake."

Na mama yake, Mama Martine, alikuwa amefunga ile kikwembe, kitenge yake, fundo mbili. Alimukataa Tshimanga, na haikukuwa juu ya kabila, ao juu ya kanisa, ata juu ya ngumi. Ilikuwa juu ya mbuzi.

Ile mbuzi ilikuwa jike, nyeupe, na mimba ndani. Siku moja ilienda kukula majani nyuma ya camp, fasi yenye bacreuseurs, bale bachimbaji, balipitaka kutafuta majiwe. Balichimba, balikosa, baliondoka. Shimo balisahau kufunika. Mbuzi ikaingia mule na mimba yake, ikavunjika shingo. Tshimanga hakuwa pale. Ule mwezi alikuwa anachimba mbali kabisa. Mais kwa Mama Martine, creuseur ni creuseur.

"Creuseur anachimbaka, anabeba, anaenda," alimuambia Danielle. "Nyuma yake inabakia shimo, kinywa wazi. Leo ni mbuzi. Kesho itakuwa weye na batoto mu nyumba, munaangalia njia."

Danielle haiko mutoto ya kulia. Alichunga mwezi ya kumi na mbili ifike, wakati mvua inakamata muzuri, na mama yake anaanza kuota bowa. Bowa, ile bantu ya masomo banaitaka uyoga. Kila mwaka Mama Martine anaendaka kuitafuta mu pori, upande ya Kapolowe, kwabo, fasi mama yake alikuwa anamupeleka. Magoti ilianza kumusumbua. Danielle akasema: "Mama, mu pori tutakosa muntu ya kubeba bitunga. Tukamate Tshimanga." Mama Martine hakusema ndiyo, mais hakusema hapana, na magoti yake ilikuwa inauma.

Ijumaa jioni Danielle akamukamata Tshimanga ku mukono.

"Sikia. Siku nzima, hasira hapana. Ata kidogo."

"Na kama bakinianza?"

"Ata bakikuanza."

"Na kama muntu anani..."

"Tshim."

"Bon. Hasira hapana."

Alitia mu sac yake koti ya mvua, mukate, na burin, ile chuma yake fupi ya kupasulia majiwe. Danielle akauliza burin ni ya nini mu pori. Akajibu ye haendaka fasi bila burin, sawa bengine habaendaka bila telefone. Danielle akamuachia. Angejua, angemunyanganya.

Kesho yake, samedi asubuhi, bakapanda camionnette, kagari ka mizigo, ya Kabamba. Kabamba anaendaka kutafuta makala, makaa ya kupikia, upande ya Kapolowe. Asubuhi anaenda mutupu, jioni anarudia na mifuko. Anajua kila muntu na anachekesha kila muntu, na mule bantu yote ya Likasi, ye anapendaka zaidi kuchekesha bale benye hasira.

"Kiberiti," akasema vile alimuona, "leo unaenda kuchimba bowa? Na bowa nayo banunuzi banaipima na machine, sawa majiwe yenu, ao banaangalia rangi tu?"

Tshimanga akafungua kinywa. Danielle akamufinya kiwiko. Kinywa ikafunga, na mu meno yake mukatoka wimbo ya kanisa, polepole. Ile njo dawa alijitafutia: hasira ikipanda, anaimba.

Alimusalimia Mama Martine na mikono mibili, akainama kidogo, "Jambo, mama." Mama Martine akaangalia gurudumu ya camionnette. Alikuwa mama mufupi, mwenye kujaa, kitambaa nyekundu ku kichwa. Akasema na gurudumu:

"Danielle, ambia mwenzako abebe kile kitunga juu ya magoti. Akikalia, kitapondeka."

Tshimanga akaangalia kushoto, akaangalia kuume. Mwenzako nani mwengine alikuwa pale? Ye alisimama karibu ya huyu mama kuliko Danielle.

"Mama anasema ubebe kitunga juu ya magoti," Danielle akasema.

"Nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Nami nimesikia kama amesikia," akasema Mama Martine, akapanda mbele na Kabamba.

Nyuma, juu ya mifuko mitupu, Tshimanga akaimba mpaka batoka mu muji.

Bakashuka mbele ya kufika Kapolowe, ku kanjia fulani yenye Kabamba tu na Mama Martine banaionaka. Kabamba akasema mu kurudia atapiga klakson, na kama mvua inakamata, atarudia mbele ya saa. Pori ilikuwa ingali na maji ya usiku. Miti inatonya, majani inateleza, na udongo inanuka ile harufu yenye kukufanya usikie njala. Mama Martine akafunga kikwembe yake juu ya magoti, akakata fimbo, akaingia. Na magoti yake yenye kuuma, alitembea mbio kuliko bale bijana babili.

Bowa ya kwanza ilikuwa ile ya manjano, chitondo, tudogo-tudogo sawa masikio ya mutoto, tumejaa chini ya miti. Danielle na mama yake bakainama. Sheria ilikuwa ya mama, na Tshimanga aliipata kupitia Danielle, moja-moja: bowa inaenda mu kitunga, haiendi mu sachet ya plastiki, juu mu sachet inatoka jasho inaoza. Inakatwa na kisu, haivutwi. Na tule tudogo kabisa tunaachwa, tuite bengine.

Tshimanga naye akataka kuleta kitu. Akaenda mbali kidogo, akapata moja nyeupe, kubwa, muzuri sawa mukate ya pâtisserie, na kajipe kadogo, sawa sketi, ku shingo. Akaileta na mikono mibili. Mama Martine akaiangalia, akarudisha macho ku kitunga.

"Danielle, ambia mwenzako, kama anatafuta kuzika familia nzima, aanze na yake."

"Ni ya sumu, Tshim. Tupa. Nawa mikono."

Alitupa. Alinawa. Aliimba couplet mbili ya wimbo yake.

Mbele ya midi, saa sita ya muchana, bakafika ku kichuguu.

Kichuguu ya muchwa, mu ile pori, haiko kitu ya kushangalia. Beko mingi, na ingine beko birefu kupita nyumba. Mais hii, Mama Martine aliifikia sawa muntu anafika kwa bantu. Alitosha viatu ku miguu. Akazunguka polepole, mukono juu ya udongo, na kule nyuma akasimama, akacheka peke yake. Bowa mbili zilikuwa zimetoka chini ya kichuguu, kila moja kubwa sawa mwavuli ya mutoto. Na pembeni, kengine kadogo, kichwa ingali imefunga, sawa ngumi.

"Mama yangu alinileta hapa nikiwa ku mugongo," Mama Martine alimuambia Danielle, mais sauti ilikuwa ya kutosha bantu babili. "Kila mwaka inatoka. Kila mwaka mbili, tatu. Ata mwaka ya njala, ilitoka."

Akapiga goti moja, na kisu akakata ile mbili mikubwa, juu-juu ya udongo. Kale kadogo akakagusa tu kichwa, akakaacha.

Tshimanga alikuwa anaangalia kitu ingine. Fasi mama alikata, mulibakia kikonyo nyeupe, nene sawa mukono, na ile kikonyo ilikuwa inashuka ndani ya udongo. Jicho ya creuseur ikaamuka.

"Danielle, uliza mama, ule muzizi unashuka mpaka wapi?"

"Mama, anauliza muzizi unashuka mpaka wapi."

"Unashuka mpaka fasi yenye haiko mambo yake."

Saa ya kukula, Danielle akatandika kikwembe chini ya muti. Bukari, ile bengine banaitaka ugali, kapenta, tusamaki tudogo tukavu, pilipili, na chitondo kidogo yenye balipika pale-pale mu kasufuria. Tshimanga akanawa mikono, akakuya kuikala. Mama Martine akasimama mbio sawa muntu anaona nyoka. Akakamata sahani moja ya chuma, ile nzuri, yenye maua, akaijaza bukari mpaka ikawa mulima, akaongeza kapenta, akafunika na kitambaa, akamupa Danielle.

"Peleka hii nyuma ya kichuguu. Mwenzako atakulia kule."

"Nyuma?" akasema Tshimanga.

"Nyuma," akasema Danielle, na macho yake ikamuambia: uliniahidi.

Akaenda. Akaikala peke yake nyuma ya kichuguu, sahani juu ya magoti, damu inachemka ku masikio. Sawa imbwa. Bantu banakula pamoja, ye banamutupia nyuma ya muchwa. Ye mwenye kubeba bitunga tangu asubuhi. Alitaka kurudisha sahani na chakula yake. Akaimba. Wimbo ikaisha, hasira haikuisha. Basi akakula, juu ata na hasira chakula ilikuwa tamu, na vile alikuwa anapangusa sahani na tonge ya mwisho, macho yake ikaanguka ku kale kabowa kadogo, pale mbele ya miguu yake.

Sikieni vile kichwa ya creuseur inatumika. Ukiona juu alama kidogo ya rangi ya majani mu jiwe, chini muko mushipa ya cuivre, ile shaba, na bacreuseurs banaitaka ule mushipa filon. Alama ya juu ni salamu tu. Utajiri iko chini, na ukifuata filon bila kuogopa, utaifikia. Tshimanga alikula miaka yote na ile akili. Sasa akafanya hesabu: kama juu kunatoka bowa mikubwa sawa mwavuli, chini kuko nini? Kuko mama ya bowa. Kuko bowa sawa mulango. Atamutosha, atamubeba ku bega, atamutia mbele ya Mama Martine bila kusema neno, na hapo tutaona nani anakulia nyuma.

Akatosha burin mu sac.

Akaanza pole, pembeni ya kale kadogo, anapasua udongo sawa anapasua yai. Muzizi nyeupe ukashuka. Akaufuata. Akakosa kitu ya kutosha udongo, akakamata ile sahani ya maua. Ikawa bêche, sepeto nzuri. Muzizi ukapinda, akapinda nao. Ukawa mwembamba sawa waya ya chargeur, na ye anajua hii, filon nayo inajificha mbele ya kufunguka. Shimo ikafika magoti, ikafika kiuno. Hasira yote ikapotea. Alikuwa na furaha ya kazi, na jasho, na alikuwa anaimba tena, mais sasa kwa furaha.

Muzizi ukaingia mu katundu. Akapanua na burin, akaangalia ndani. Mama ya bowa hakuwa mule. Mulikuwa kachumba sawa kikombe, na ndani yake kitu ya kijivu yenye tundu-tundu, laini sawa mukate yenye iliingia maji, na juu yake tulikuwa tumbegu tweupe, na muchwa zinakimbia huku na huku. Akatosha hiki, akakitia pembeni. Nyuma yake kingine. Akakitosha nacho. Filon ilikuwa imeisha. Hapo muchwa wa kichwa nyekundu akamukamata ku kidole, mwengine ku kidole ingine, na vile alikuwa anaruka, anajipiga mikono, akaona juu ya shimo miguu mine.

Mama Martine na Danielle.

Mama Martine hakupiga kelele. Aliangalia shimo, akaangalia bile bipande bya kijivu ku jua, akaangalia kale kabowa kadogo kamelala na muzizi yake murefu sawa kamba. Mwishowe akaangalia sahani ya maua, imejaa udongo.

"Danielle," akasema, "uliza huyu muntu, hii shimo ni ya kuzikia nani."

"Tshim..." Danielle akasema.

"Danielle, muambie pia, mbuzi nyingine sina. Kama anataka kuua kitu yangu ingine, aangalie ku nyumba kama kunabakia kuku."

Hapo kiberiti ikawaka. Tshimanga akatoka mu shimo, udongo mpaka ku nywele.

"Muambie mama, minye nilitaka kumuletea kitu. Muambie, muntu akitupwa nyuma sawa imbwa, atachimba sawa imbwa. Muambie, mbuzi yake siijui, sikuiona, sikuikula."

Danielle hakuambia muntu. Mama Martine akageuka, akawapa mugongo. Tshimanga akatupa burin chini, akakamata sac, akaenda. Na vile anatembea, ata wimbo hakukumbuka ya kuimba.

Ku njia kubwa akakuta camionnette. Kabamba alirudia mbele ya saa, mifuko ya makala mpaka juu, bâche, ile turubai, imefungwa, juu upande ya muto Lufira mbingu ilikuwa nyeusi sawa chungu.

"Bamama beko wapi?"

"Kule."

"Na weye?"

"Minye nimemaliza. Nilichimba ile kichuguu yabo, sasa banafanya sawa niliua muntu."

Kabamba akamuangalia: udongo, majasho, vidole bimevimba. Akacheka mpaka akashika volant, ile usukani, na mikono mibili.

"Donc ulichimba, uliacha shimo, uliondoka," akasema. "Mama Martine alikuona muzuri tangu zamani. Ata bowa, ndugu yangu. Ata bowa mulikosa kuiacha."

Ngumi ya Tshimanga ilikuwa tayari juu. Kabamba akafunga kioo. Ngumi ikabakia vile, mu hewa, haina fasi ya kuenda, juu hakuna neno hata moja alisema Kabamba yenye ilikuwa ya uongo. Alichimba. Aliacha shimo. Yuko ku njia na sac ku mugongo.

Upepo ya mvua ikapita. Na kitu moja creuseur anaijua kuliko muntu yote ni vile maji inafanyaka mu shimo wazi. Inashuka, inalala, inakula pembeni, na kesho asubuhi kila kitu imeanguka ndani.

Akapiga ku kioo.

"Unichunge hapa, narudia."

"Mvua inakuya, Kiberiti."

"Njo maana nasema unichunge."

Akarudia mbio, matawi inamupiga ku uso. Ku kichuguu akakuta Mama Martine amepiga magoti yote mibili, ile magoti yenye kuuma, anasukuma udongo na mikono, na Danielle pembeni yake. Banasukuma yote pamoja, nyeusi, nyekundu, majani, mbio-mbio.

"Danielle, ambia mama aache," akasema. "Ile haiko vile. Udongo ya juu inaenda mwisho."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia. Juu ya nini?"

"Danielle, ambia mama, ile nyekundu njo ilitoka chini, inashika maji. Mukitanguliza nyeusi, maji itapita yote, itazamisha muchwa."

Aliruka mu shimo, akatosha ile yenye balitia. Akaomba bile bipande bya kijivu. Danielle akamupa moja, mama akamupa ingine.

"Hii ilikuwa inaangalia wapi?" Mama Martine akauliza.

"Huku, mama. Tundu juu."

"Tundu chini. Geuza."

"Mama, minye njo niliitosha."

"Na minye njo niko na miaka yote hapa. Geuza, nakuambia. Unaona tule tumbegu? Ile njo mbegu ya bowa, inalala ndani, haiangalii jua."

"Bon, nageuza. Ingine nayo?"

"Ingine nayo. Polepole, weye, haiko jiwe."

"Niko polepole, mama."

"Uko polepole wapi, mikono sawa koleo. Ile nyekundu sasa. Usikandamize."

"Siikandamizi, napangusa tu. Mama, leta sahani."

Akamuletea sahani, ile ya maua, na mikono yake mwenyewe. Bale babili bakaendelea vile, banabishana sawa bauzishaji babili ya soko, kijivu, nyekundu, nyeusi, kila kitu ku fasi yake, mpaka Danielle akashindwa kujizuia. Akacheka.

"Mama, munasemezana."

Mama Martine akasimama. Akavuta kikwembe mpaka ku uso, akawapa mugongo mbio, sawa msichana yenye bamuona anaoga.

"Danielle," akasema kutoka ndani ya kikwembe, "ambia mwenzako atie majani juu."

Tshimanga akabakia na udongo mu mikono. Akamuuliza Danielle pole: "Nilifanya tena nini?"

"Haukufanya kitu. Kwabo mama, muntu hasemezani na mukwe wake. Hamuangalii ku macho, hakuli naye fasi moja. Ni heshima. Mama yake alifanya vile na baba yangu mpaka siku yake ya mwisho. Ulizani ni nini?"

"Niliona ananichukia."

"Muntu mwenye anachukia, anamujaziaka sahani vile?"

Tshimanga akafikiri ile mulima ya bukari. Akafikiri gurudumu ya camionnette.

"Sasa, mukwe ni minye? Tangu wakati gani? Si alikataa?"

"Kinywa njo ilikataa. Mais tangu asubuhi anakukimbia sawa mukwe. Kinywa yake na miguu yake bangali mu safari, habajapatana."

Kule mbele, kikwembe ikasema: "Danielle, muache kunisema nyuma. Mvua."

Tshimanga akatia majani, sawa ilikuwa. Mbele ya kuondoka akachimba kingine, tena na burin, na Mama Martine akageuka mbio kuona: kamufereji kadogo, kazunguke kichuguu upande ya juu, maji ikishuka ipite pembeni. Ku carrière banafanyaka vile mbele ya mvua kubwa. Mama akaangalia kale kamufereji kwa muda. Kisha akaokota kale kabowa kadogo na muzizi yake murefu, akakatia mu kitunga, juu ya bengine yote.

"Danielle, hii ni yake. Ye njo aliitosha, ye njo ataikula."

Klakson ikalia. Mvua ikabakuta nusu ya njia, bakafika ku camionnette banacheka, maji mpaka mu kiatu. Kabamba akashusha kioo kidogo.

"Ulifunika?"

"Nilifunika."

"Na mamufereji ya maji, sawa ku carrière?"

"Na mamufereji."

"Mama Martine," Kabamba akasema, "tangu nazaliwa, creuseur wa namna hii sijaona. Mukimukataa, munipe, niko na dada."

"Endesha," akasema Mama Martine.

Panda bakafika na giza kidogo, mvua imeisha, barabara inangaa. Tshimanga akashusha bitunga, akabiweka ku mulango, na juu alijua sasa, hakuingia. Akasimama ku njia. Mu nyumba Papa Philippe akauliza kama safari ilikuwa muzuri. Mama Martine akamujibu pole.

"Unasema?"

Akapandisha sauti. "Nasema bale bantu bakuye dimanche, kisha kanisa."

"Bantu gani?"

"Ya Tshimanga."

"Ya nani?"

"Ya creuseur," Mama Martine akasema, na sasa ile sauti ilipita ku dirisha, ikapita ku bajirani, ikafika mpaka ku bale benye kuuzisha mikate ku kona. "Bakuye dimanche, na kuku yabo. Alichimba kichuguu ya mama yangu. Mwaka kesho bowa ikikosa kutoka pale, nitaenda kugombana na nani? Inapashwa nijue nyumba yake, na nyumba yake ikuwe na mutoto yangu ndani, asikimbie."

"Si ulisema creuseur anaachaka shimo wazi?"

Mama Martine akakamua maji mu kikwembe.

"Hii ilifunikwa," akasema. "Niliona na macho."

Ku njia, jirani moja akapiga mikono. Tshimanga akainama kufunga kamba ya kiatu yenye ilikuwa imefungwa muzuri, juu alisikia uso yake inafanya mambo yenye Kiberiti hafanyaka mbele ya bantu.

Danielle akatoka kwa mulango ya jikoni, na sahani. Ilikuwa ile ya maua, imesuguliwa mpaka inangaa, mais ku ukingo ilikuwa imepindika kidogo fasi iligonga udongo. Ndani, bukari sawa mulima, na juu yake bowa moja kadogo, na muzizi yake yote, imekaangwa na kitunguu. Akamupeleka nyuma ya ukuta ya jikoni, akamuwekea kiti kidogo.

"Mama anasema ukulie hapa."

"Muambie mama aksanti. Hapa ni pazuri."

"Anasema pia ukule na mukono. Chuma yako, ulete, atakuchungia mpaka dimanche."

Akatosha burin mu sac, akamupa. Kisha akaikala peke yake nyuma ya ukuta, sawa mukwe, akaanza na ile muzizi, kutoka juu, polepole, mpaka akaifikia mwisho.